Mkeka wa Mama Kinyasi

Hadithi, hadithi!

Hadithi njoo.

Itokee wapi?

Itokee nyasini, sisi tumekaa tunaingoja.

Basi kaeni vizuri, msogezeeni na mwenzenu nafasi. Nikiimba mtaniitikia, kwa sababu hadithi hii ina wimbo wake, na wimbo wenyewe ni mzito kwa mtu mmoja.

Zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema kama tunavyosema sisi, palikuwa na bonde la nyasi ndefu. Ndefu kiasi gani? Nyati akisimama ndani yake, ungeona pembe tu. Ngiri akipita, usingeona kitu ila nyasi zikiyumba, kwa sababu siku zile Ngiri alikimbia mkia umelala. Na Digidigi, yule paa mdogo kuliko paa wote, mwenye miguu kama vijiti, akiingia humo alikuwa amepotea.

Katika bonde hilo alikaa Digidigi mmoja na mwanawe wa pekee. Mtoto aliitwa Kinyasi, na mama watu walimwita Mama Kinyasi.

Kinyasi alikuwa bado hana nguvu ya kutembea na mama yake. Kwa hiyo kila asubuhi mama alimlaza nyasini, akamlamba paji la uso, akamwambia, "Lala hapa. Usitikisike, usilie, mpaka nirudi."

Na Kinyasi alikuwa mtoto msikivu. Alilaza kidevu chini, akalaza masikio nyuma, akatulia kama jiwe. Nzi akitua puani alimwacha. Mama akirudi alimkuta palepale.

Siku moja mama alirudi, asimkute.

Nyasi za pale zilikuwa zimelala chini, zimevunjika. Mama akaita, "Kinyasi!" Kimya. Akaita, "Kinyasi!" Kimya. Akaita mara ya tatu, na aliyejibu alikuwa Kanga, jirani yake, aliyekuwa akifukua wadudu pembeni.

"Shoga yangu," alisema Kanga, "mimi nilimwona Ngiri anatoka bwawani mbio, kichwa chini, kama anafukuzwa na moto. Unajua anavyokimbia, macho yake yako kwenye shimo lake tu. Akapita hapo hapo. Mara akasimama. Akarudi nyuma. Baadaye sikuona tena, nyasi ndefu."

Mama Kinyasi alitafuta siku nzima. Hakuona mtoto, wala damu nyingi, wala unyoya. Aliona tone moja tu juu ya jani, limekauka.

Sasa, sikilizeni desturi ya bonde lile.

Juu ya mwamba Simba alikuwa na mahakama yake. Aliyepelekwa kule akaonekana ana kosa, hakurudi. Simba alimla. Na aliyekosewa alirudi kwake mikono mitupu, maana Simba hagawi nyama. Kwa hiyo watu wa bonde waliogopa mahakama ile, wakawa na njia yao. Waliiita kikao cha mkeka.

Ilikuwa hivi. Aliyeumizwa husuka mkeka. Anausuka mwenyewe, polepole, na wakati anasuka anafikiri atauliza nini na atataka nini. Akimaliza anautandika mbele ya wote. Aliyekosa anakuja, anakaa juu yake, anasema alichofanya kwa kinywa chake mwenyewe. Aliyeumizwa anauliza, anajibiwa. Anataja anachotaka, kinazungumzwa. Siku moyo wake ukitulia, anaukunja mkeka kwa mikono yake. Ukishakunjwa na yeye, hakuna mtu wa kulitaja tena jambo lile. Kuna mkeka uliokunjwa siku ileile. Kuna mkeka uliokaa masika nzima.

Mama Kinyasi akakata ukindu, akaanza kusuka. Alisuka kwa midomo na kwa kwato, na alipokuwa akisuka aliimba. Haya, mniitikie.

*Ngiri, Ngiri wa bondeni,*
*Mwanangu nilimlaza.*
*Alitikisika, hakutikisika?*
*Niambie, nijue.*

Niambie, nijue!

Siku tatu alisuka. Na katika siku hizo tatu mambo ya kutaka kwa Ngiri yalipungua, yakapungua, mpaka yakabaki matatu. Akayashika moyoni, akautandika mkeka.

Mwenyekiti wa kikao alikuwa Mbuni. Walimpa kiti kwa sababu ya shingo yake, kwamba aliona mbali kuliko wote. Lakini miguu yake ilipenda kuondoka kabla shingo haijamaliza kuona.

"Haya, haya," alisema Mbuni, "tuanze, tusichelewe. Mayai yangu yako juani. Ngiri yuko wapi?"

Ngiri alikuja, lakini hakukaa mkekani. Alisimama nyuma, kichwa chini. Aliyekaa mkekani alikuwa mjomba wake, Nguruwe wa porini, mnene, mwenye maneno laini kama tope la bwawani.

"Mama Kinyasi, dada yangu," alisema Nguruwe, "tumekuja na huzuni. Mtoto alikuwa wa sote. Imetokea, na sisi tunakiri imetokea. Tumekuletea majani mabichi, mzigo mzima, upooze koo."

Akautua mzigo wa majani.

Mama Kinyasi alikuwa na sauti ndogo. Alisema, "Asante kwa majani. Lakini mimi nina mambo matatu, na la kwanza nilitaka kumuuliza Ngiri mwenyewe—"

"Ngiri hawezi kusema," alisema Nguruwe. "Ana uchungu. Mimi ni mjomba wake. Kinywa changu ndicho kinywa chake."

"Kwani ulimi wake umeliwa na mchwa?" aliuliza Kanga kwa sauti kutoka nyuma, na wengine wakacheka.

"Kanga, nyamaza, hapa si jalalani," alisema Mbuni. "Nguruwe amesema vizuri. Mjomba ni mkubwa kuliko mpwa, basi neno lake ni kubwa zaidi. Tuendelee."

Na hapo ndipo watu wa bonde walipokosea. Tangu mababu zao, hapakuwa na mtu aliyesemewa juu ya mkeka. Lakini Nguruwe alikuwa mkubwa, na Mbuni alikuwa na haraka, na majani yalikuwa mabichi kweli. Wakanyamaza.

Mama Kinyasi hakula yale majani. Yalikauka hapo hapo.

*Ngiri, Ngiri wa bondeni,*
*Mwanangu nilimlaza.*
*Alitikisika, hakutikisika?*
*Niambie, nijue.*

Niambie, nijue!

Wakakaa mara ya pili. Mama Kinyasi akautandika mkeka, Ngiri akasimama nyuma, Nguruwe akakaa mbele. Safari hii alileta magadi, donge kubwa jeupe.

"Lamba, dada yangu," alisema Nguruwe. "Hiki kitakupa nguvu. Wewe bado kijana. Utazaa mwingine, utasahau."

"Sitaki mwingine," alisema Mama Kinyasi. "Nataka kujua huyu. Nina mambo matatu, na la kwanza—"

"Mama Kinyasi," alisema Mbuni, "mbona unakuwa mgumu? Watu wamekuja mara ya pili. Wamebeba donge kubwa kama kichwa changu!"

"Mbona si kubwa," alisema Kanga, na watu wakacheka tena.

Mama Kinyasi hakucheka. Alimtazama Ngiri pale nyuma. Aliona midomo yake inatetemeka, kama mtu aliyejaza maji kinywani akatafuta pa kuyatema. Nguruwe naye akamwona, akainuka, akamfuata, akamkanyaga kwato. Ngiri akaufunga mdomo.

Wakakaa mara ya tatu. Siku hiyo Mbuni alikuja anahema.

"Sikilizeni," alisema. "Mbweha, mjumbe wa Simba, ameonekana asubuhi ananusanusa bwawani. Jambo hili likiendelea litapanda mwambani. Mama Kinyasi, wewe ni mama. Unataka mtoto wa mwenzako naye aliwe? Ndicho unachotaka?"

"Sikusema hivyo," alisema Mama Kinyasi. "Mimi nilichotaka—"

Basi Nguruwe akaanza kulia. Alilia kwa sauti kubwa, akajitupa juu ya mkeka, akagaagaa, makamasi yanamtoka. "Mpwa wangu! Mpwa wangu ataliwa! Nitamwambia nini dada yangu!"

Wote wakamkimbilia Nguruwe, wakamtoa mkekani. Huyu anampepea, huyu anamletea maji, huyu anamwambia, "Jikaze, mzee wetu, jikaze." Walikaa wote upande wa Nguruwe. Upande wa pili wa mkeka alibaki Mama Kinyasi peke yake, na hakuna aliyemwambia jikaze.

Wakati wamemzunguka Nguruwe, Mbuni aliinama, akashika pembe ya mkeka kwa mdomo, akaukunja. Akaukunja mara moja, akaukunja mara mbili, akaukunja mara tatu. Akamwekea Mama Kinyasi miguuni.

"Yamekwisha," alisema Mbuni. "Tumesameheana. Pigeni vigelegele."

Vigelegele vikapigwa. Watu walipokuwa wakiondoka walimpitia Mama Kinyasi mmoja mmoja. "Umefanya vizuri kusamehe," walimwambia. "Una moyo mkubwa." "Mungu atakupa mwingine."

Naye hakuwa ametoa neno hata moja la kusamehe.

Asubuhi yake Mama Kinyasi akaenda kwa Kanga. "Nisindikize," alisema. "Naenda kwa Simba."

"Shoga, umerukwa na akili? Yule si wa kuulizwa neno. Yule anauliza nani mnono."

"Hapa chini nimekaa mara tatu, sikusikilizwa mara tatu. Huenda huko juu kuna masikio."

"Kuna masikio," alisema Kanga. "Na meno yapo pia." Lakini alimsindikiza, kwa sababu alikuwa jirani mwema, na kwa sababu alikuwa shahidi.

Simba alikuwa amelala juu ya mwamba, tumbo juu, anachokonoa meno kwa mfupa. Mbweha akapaza sauti, "Nyamazeni! Mahakama imeamka! Anayekohoa analiwa!"

Ngiri aliletwa, na Nguruwe nyuma yake. Njiani Nguruwe alikuwa amemwambia mpwa wake maneno machache tu. "Ukisema ndiyo, umekufa. Sema hapana."

Simba akauliza, "Nani kafa?"

"Mwanangu, Kinyasi," alisema Mama Kinyasi. "Asubuhi ile nilimlaza—"

"Sikuuliza ulimlaza. Nimeuliza nani kafa, na umejibu. Nani kaua?"

"Ngiri. Na mimi nataka aniambie—"

"Unachotaka wewe hakiko katika kesi," alisema Simba. "Ngiri, uliua au hukuua?"

Ngiri akainua kichwa, akamtazama Mama Kinyasi. Mdomo wake ukafunguka, ukatetemeka kama siku ile ya mkeka. Mama Kinyasi akasogea mbele. Akasema moyoni, sasa, sasa. Kisha Ngiri akayatazama meno ya Simba.

"Hapana, mheshimiwa," alisema. "Mimi sikumwona mtoto yeyote."

Mama Kinyasi alisimama pale, akaona mwanawe amekufa mara ya pili. Mara ya kwanza alikufa mtoto aliyekuwepo. Sasa waliambiwa hakuwepo kabisa.

"Shahidi," alisema Simba.

"Mimi hapa," alisema Kanga. "Nilimwona anapita mbio, akasimama, akarudi."

"Ulimwona akikanyaga mtoto?"

"Nyasi zilikuwa ndefu, mheshimiwa."

"Basi uliona nyasi," alisema Simba. "Ngiri hana kosa. Na wewe, ndege, umenipandishia watu mwambani nikiwa nimelala." Akamtandika Kanga kofi moja la kichwa, manyoya yote ya kichwani yakaruka. Ndiyo maana mpaka leo kichwa cha kanga ni kipara. "Kesi imekwisha. Mbweha, leta chakula."

Wakashuka. Walipofika chini Nguruwe alimngoja Mama Kinyasi njiani.

"Umeona sasa, dada yangu?" alisema, na safari hii sauti yake haikuwa laini. "Ulikuwa na majani. Ulikuwa na magadi. Sasa huna hata neno la pole. Ndiyo faida ya ukaidi."

Mama Kinyasi akampita. Alikwenda kwake, akauchukua ule mkeka uliokunjwa na Mbuni. Akaupeleka mahali alipomlaza Kinyasi, pale nyasi zilipovunjika. Akaukunjua, akautandika, akakaa pembeni yake.

Kesho yake akakaa tena. Na kesho kutwa akakaa tena.

Watu wa bonde walipokwenda bwawani walipita mbali kidogo. "Bado tu?" walisema. "Mambo ya zamani hayo. Yalishakunjwa." Mbuni alipopita aligeuza shingo upande mwingine. Na Ngiri alipita mbio kuliko siku zote, kichwa chini, mkia umelala, hata hukujua amepita isipokuwa kwa nyasi.

Mvua zikaja. Mkeka ukalowa. Jua likaja, mkeka ukakauka. Mvua zikarudi, mchwa wakapanda kutoka chini, wakaanza kula ukindu kimyakimya. Mama Kinyasi alikuwa akiimba pale pembeni, na hapakuwa na wa kumwitikia. Basi leo tumwitikie sisi.

*Ngiri, Ngiri wa bondeni,*
*Mwanangu nilimlaza.*
*Alitikisika, hakutikisika?*
*Niambie, nijue.*

Niambie, nijue!

Mwaka ule Kanga aliangua vifaranga wanane. Akawa anatembea nao nyasini kwa mstari, wanane nyuma ya mama, wanapiga kelele kuliko bonde zima.

Siku moja mchana Mama Kinyasi aliona nyasi zinayumba kutoka upande wa bwawani. Zinayumba kwa kasi. Akasimama, akapaza ile sauti yake ndogo, "Kanga! Kanga, ondoa watoto!" Sauti haikufika. Nyasi zikayumba mpaka pale walipokuwa wale wanane, zikapita.

Baadaye Kanga alikuja kwenye mkeka. Nyuma yake walikuwa vifaranga sita.

Kanga yule, mwenye maneno, mwenye kicheko kwa kila jambo, alikaa chini pembeni ya mkeka, asiseme kitu. Wakakaa wawili.

Mbuni naye akaja, na wazee wengine wakaja, wakasimama. Mbuni alikanyaga huku, akakanyaga kule, miguu imekosa pa kwenda. Mwisho akasema, "Mama Kinyasi. Tufanyeje?"

Mama Kinyasi akamtazama. Tangu mwanawe afe, hapakuwa na mtu aliyemuuliza nini kifanywe.

"Siku ile nilikuwa na mambo matatu," alisema. "La tatu lilikuwa la watoto hawa. Nililishika mkononi siku ya kwanza ya kikao, Mbuni. Ungeningoja kidogo tu. Mayai yako yalikuwa juani."

Mbuni akashusha shingo yake ndefu mpaka mdomo ukagusa vumbi.

Ndipo nyasi zikatikisika polepole, na Ngiri akatokea. Hakuwa na mjomba. Nguruwe alimwita nyuma kwa sauti, "Rudi, mjinga wewe! Ulishashinda kesi! Rudi!" Ngiri hakurudi. Alikuja mpaka kwenye mkeka, akasimama kwenye ukingo.

"Nimekuja kukaa," alisema.

"La kwanza," alisema Mama Kinyasi, "unajua ninachouliza. Bonde zima linajua, nimekiimba mvua mbili."

Ngiri akafungua mdomo, na yale maji aliyoyabeba siku zote yakamwagika.

"Hakutikisika," alisema Ngiri. "Nilikuwa nakimbia sitazami. Nilisikia kitu kinavunjika chini ya kwato. Nikarudi. Alikuwa anapumua. Alikuwa ananitazama. Nikamwambia, mtoto, mwite mama yako, mwite kwa nguvu. Akasema kwa sauti ndogo sana, mama kaniambia nisilie mpaka arudi."

Kanga akaanza kulia. Mama Kinyasi hakulia. "Endelea," alisema.

"Ningekuita mimi. Ulikuwa karibu, nilikuwa nakusikia unavunja majani. Nikaogopa. Nikasema, nikiita nitaonekana. Nikasimama pale mpaka akanyamaza kabisa. Kisha nikambeba, nikamtia katika shimo la zamani la mhanga, yule mnyama mla mchwa, nikaliziba kwa udongo. Mjomba akaniambia, neno hili usilitoe. Sikulitoa. Kila nikipita hapa nakimbia nisilisikie, na kwa kukimbia huko nimekanyaga wengine."

Upepo ulipita kwenye nyasi.

"Moyoni nilimsikia akilia kila siku," alisema Mama Kinyasi mwishoni. "Kila siku kilio chake kilikuwa kipya, kingine kibaya kuliko cha jana. Kumbe hakulia. Kumbe alikufa akinitii." Akautazama mkeka. "Sasa nitabaki na kifo hiki kimoja, cha kweli."

Hapo chozi moja likamtoka, jeusi, zito kama utomvu, likaganda chini ya jicho lake. Halikufutika tena.

"La pili," alisema. "Nikikutazama naona meno yako tu, yaliyopinda juu. Nimechoka kuyatazama. Shuka, niyaone macho yako."

Ngiri akapiga magoti ya mbele. Sasa macho yake na macho ya Mama Kinyasi yalikuwa sawa. Alikwenda hivyo hivyo, kwa magoti, mpaka kwenye shimo la mhanga, akalifukua kwa pua. Mama akaikuta mle ile mifupa midogo, myembamba kama njiti za kiota. Akailamba mmoja mmoja.

"La tatu," alisema. "Unapokimbia, inua mkia. Uinue juu, usimame kama ufito, uonekane juu ya nyasi. Kila mama akiuona, amwambie mwanawe, tikisika. Amwambie, kimbia, piga kelele. Usikimbie tena mkia umelala mpaka ufe. Wewe na wanao, na wana wa wanao."

"Nimekubali," alisema Ngiri. Na mkia wake ukainuka.

Hayo tu. Hayo ndiyo mambo matatu. Hakutaka damu yake, hakutaka majani, hakutaka magadi. Yangesemwa yote siku ile ya kwanza kabla jua halijafika katikati.

Ngiri alikuwa bado amepiga magoti. Akasema, "Mama Kinyasi, unakunja?"

Wote walimtazama. Mama Kinyasi akauendea mkeka wake, akashika pembe moja ili aukunje.

Pembe ikabaki mdomoni mwake. Akashika pembe ya pili, ikakatika. Akaingiza kwato katikati auinue, ukamwagika chini kama makapi, na mchwa wakakimbia kila upande. Mvua mbili, majua mawili, na mchwa. Hapakuwa na mkeka.

"Nisukie mwingine basi," alisema Ngiri. "Nitangoja."

"Ule niliusuka na mwanangu yuko moyoni bado mzima," alisema Mama Kinyasi. "Mwingine sijui kuusuka."

"Kwa hiyo umenisamehe au hukunisamehe?"

Mama Kinyasi alifikiri kwa muda mrefu, kwa sababu hakutaka kusema uongo, na uongo ulikuwa umesemwa mwingi.

"Sijui, Ngiri," alisema. "Kulikuwa na siku ningejua. Walinikunjia."

Akachukua mifupa ya mwanawe, akaingia nyasini, akapotea.

Ngiri akabaki amepiga magoti, anangoja kukunjiwa. Njaa ikamshika, akala majani palepale alipopiga magoti. Na mpaka leo, mkimwona ngiri malishoni, mtamwona anakula amepiga magoti ya mbele. Akikimbia, mtauona mkia umesimama juu kama ufito. Na digidigi, mkipata bahati ya kumkaribia kabla hajakimbia, mtazameni chini ya jicho. Doa lile jeusi lipo.

Basi, wasikilizaji wangu, funzo ni hili. Kumalizana nyumbani ni kuzuri kuliko mwamba wa Simba, maana Simba anauliza nani wa kuliwa, hamuulizi aliyelia. Lakini nyumbani nako, mkiketi, aliyekosa aseme mwenyewe, na aliyeumizwa aulizwe yeye kwanza, hata kama sauti yake ni ndogo, hata kama mna haraka. Msimsamehee mtu kitu kilichomuuma yeye. Msikunje mkeka ambao hamkuusuka.

Mkulima wa hadithi hii nimevuna hapo, nikaweka jembe chini. Aliyeipenda aichukue, akawasimulie wa kwao. Asiyeipenda aniachie hapa mlangoni, asubuhi nitaifagia.